Kuhesabu Viboko wa Dimbwi la Mkuyu

Mwezi uliopita Zuhura alifika kwangu Nambambo kwa pikipiki ya ofisi, kofia ngumu bado iko kichwani, akaninyooshea simu usoni kabla hata ya salamu. Salamu aliikumbuka baadaye. "Shikamoo, babu. Hebu tazama kwanza hii."

Zuhura ni afisa wanyamapori, anafanya kazi niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu. Picha ilipigwa kutoka juu na droni, kile kidege chenye kamera, na ilionyesha Dimbwi la Mkuyu, ambalo kwa upande wetu ndilo lenye kina kuliko yote katika mto Mbwemkuru. Maji yenyewe yalikuwa hayaonekani vizuri kwa wingi wa viboko.

"Arobaini na mmoja, babu! Mwaka juzi walikuwa ishirini na sita. Wameongezeka. Taarifa inaondoka Jumatatu."

Alikuwa na furaha ya kweli, na kumkatisha furaha mtu aliyepigwa jua njia nzima si uungwana. Nikamkaribisha chai na muhogo wa kuchemsha. Alipomaliza kipande cha pili nikamwuliza, "Vichwa umehesabu. Migongo umeitazama?"

"Migongo ina nini, babu?"

Swali hilo si langu. Niliulizwa mimi nikiwa na umri kama wake, na nikajibu vilevile alivyojibu yeye. Nilimsimulia mpaka alasiri, na alipowagusia ninyi wenzake wa ofisini mkanitumia ujumbe kwamba niyaandike, wote myasome. Basi nimevaa miwani, nimekaa. Mkiona nazunguka sana nivumilieni, kuishi kwingi ni kuona mengi, na aliyeona mengi hana simulizi fupi.

Enzi zetu tuliitwa mabwana nyama. Huku vijijini bado wananiita Bwana Nyama Kasimiri, ingawa nyama ninayoisimamia siku hizi ni ya kuku sita na jogoo mmoja mkorofi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kilimarondo. Nilifika na daftari, buti mpya na kiburi kilichotosha wilaya nzima. Nikapangiwa kutembea na Mzee Issa Nambunga, askari wa wanyamapori wa siku nyingi, mrefu, mwembamba, mtu wa swala tano, ambaye Kimwera kilimtoka kama maji na Kiswahili alikitumia kwa kubana matumizi. Aligundua siku ya kwanza kwamba mama yangu ni wa ukoo wao, na tangu hapo mimi nilikuwa mpwa wake na yeye mjomba wangu. Mnaojua mila za huku mnajua uzito wa mjomba. Baba anaweza kukuonya ukanuna, lakini mjomba akikuonya unasikiliza.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la tembo. Lambo walilozoea lilikauka, sikuona nyayo mpya wiki nzima, nikaandika kwamba tembo wamehama eneo. Mjomba akanichukua mpaka kwenye kijito kilichokuwa mchanga mtupu. Katikati ya ule mchanga palikuwa na mashimo, kila moja lina upana wa karai na kina cha mkono mzima, na chini yake maji safi yametulia. Tembo wameyachimba wenyewe kwa miguu na mkonga. Nani aliwaambia maji yako pale na si hatua kumi pembeni? Tulijificha upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwetu, tukangoja. Walikunywa tembo, wakaondoka, wakaja ngiri, halafu palahala dume mwenye pembe za kurudi nyuma, mweusi anang'aa, akapiga magoti anywe shimo la mwenzake. Nilisahau hata kuandika. Mjomba akaninong'oneza, "Hawa hawajahama, mpwa. Maji ndiyo yamehama, wao wameyafuata chini."

Niliyapenda maneno yale nikayaandika kwenye jalada la daftari. Ila kuandika neno kwenye jalada si kulielewa, na hilo mtaliona sasa hivi.

Baadaye tukahamishiwa upande wa mto Mbwemkuru. Huko kazi yetu kubwa ilikuwa viboko. Mto ule, kama mnavyojua, hautiririki mwaka mzima. Kiangazi kikishika unabaki madimbwi madimbwi, kila moja peke yake, na viboko wanagawana. Kila mwaka mwishoni mwa Septemba nilikwenda kuwahesabu Dimbwi la Mkuyu, kwa sababu lilikuwa karibu na barabara. Nimesema ukweli, mcheke. Madimbwi ya juu yalikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Kuhesabu kwenyewe ni ufundi, na droni haijaufuta wote. Unakaa jua likiwa mgongoni. Kiboko anazama dakika kadhaa, anaibuka kwingine, ukiwa na haraka utamhesabu mmoja mara tatu na mwingine utamkosa kabisa. Mnakuwa wawili, kila mtu na hesabu yake, hamsemezani. Mimi niliweka kokoto mfuko wa kulia, kila kichwa kinachotoka nahamisha moja kwenda kushoto. Mnarudia asubuhi nzima, mnaichukua hesabu kubwa mliyokubaliana. Na kamwe usikae kati ya kiboko na maji yake, hata akiwa amelala, hata ukiambiwa huyu ni mpole.

Mwaka wa kwanza walikuwa kumi na wanne. Wa pili, kumi na tisa. Wa tatu, ambao mvua zake zilikatika mapema mpaka mihogo ikasinyaa, nilihesabu thelathini na mmoja. Nikajiona nimeula! Chini ya usimamizi wa nani viboko wameongezeka namna ile? Wangu.

Wakati huohuo wenye bustani za bondeni walikuwa wanalia. Aliyelia zaidi alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa analea wajukuu wanne, na kiangazi hakuwa na kingine isipokuwa mahindi yake ya bondeni. Viboko walikuwa wameyala mara mbili. Alikuja kituoni na bua moja lililopondwa, akaliweka juu ya meza yangu. "Bwana Nyama, mifugo yako imekula kwangu. Je, nikija kula kwako utanipikia?"

Nikaandika barua. Nikasema viboko wameongezeka kupita uwezo wa mto, nikapendekeza kitolewe kibali cha kuvuna kumi na wawili, yaani wapigwe risasi. Mkuu wangu wa kazi, mtu makini, alinijibu kwamba analikubali pendekezo, kibali kitatoka baada ya wiki tatu, na niwaeleze wananchi katika mkutano wa kijiji. Nikampa mjomba barua ile aisome. Akaikunja, akanirudishia.

"Vichwa umehesabu. Migongo umeitazama?"

"Migongo ina nini, mjomba?"

Alinirudisha dimbwini, akanikalisha, akaninyang'anya kokoto. Nikatazama. Mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza kama kona za meza. Migongo ilikuwa na majeraha mabichi, kwa maana madume wasiojuana walikuwa wamebanana mahali padogo wakipigana usiku na mchana. Mjomba akaniuliza wako wapi watoto. Katika vichwa thelathini na kimoja sikuona mtoto hata mmoja. Halafu akakichambua kinyesi kwa kijiti. Kinyesi cha kiboko aliyeshiba ni majani matupu, kile kilikuwa na vijiti na magome.

"Kaya iliyojaa wageni haijazaa, mpwa," alisema. "Twende tukaone kwao."

Tulitembea kwenda juu ya mto. Dimbwi la kwanza lilikuwa kavu, tope limepasuka vipande. La pili kavu. Kila tulipopita palikuwa na njia ya kiboko, ambayo huwezi kuikosea, maana miguu yake iko mbalimbali na njia inabaki mifereji miwili yenye tuta katikati. Njia zote zilielekea chini, kwa Dimbwi la Mkuyu. Hesabu yangu ilikuwa ya wakimbizi, na mimi nilikuwa nimeshaomba bunduki ya kuwapunguza.

Niliona aibu, lakini ilikuwa aibu ya kosa la kazi, ya kuandika barua nyingine basi. Aibu yenyewe ilikuwa mbele.

Siku ya pili tukafika dimbwi la juu kabisa. Lilikuwa limebaki tope la kufika magotini na maji kidogo katikati. Ndani yake alilala jike mmoja, na juu ya shingo yake ameegemea mtoto mchanga wa wiki chache. Wenzake wote wameondoka. Mtoto asingeuweza mwendo ule wa siku mbili juani, ngozi yao haistahimili, na mama asingemwacha. Akabaki. Kila mtoto alipoteleza alimsogeza kwa pua, polepole, mnyama yule mzito anayeweza kuvunja mtumbwi kwa taya. Nimeona mengi katika kazi hii, na sijaona kitu nilichokiheshimu kama jike yule.

Kingo zote mbili zilikuwa nyeusi. Moto umepita mpaka kwenye maji, hakuna unyasi. Na kwenye majivu yale palikuwa na vishimo vingi vilivyochimbwa kwa jembe.

Mjomba hakunitazama. Alikuwa anachezea kijiti chake. "Jumamosi ile mlipata wangapi?"

Lazima niwaeleze, wengine mmezaliwa mjini. Kwetu panya wa porini ni kitoweo. Mnaocheka chekeni, hamjawahi kula panya mnono wa Septemba aliyebanikwa kwenye kijiti, kwa ugali wa muhogo. Anavyowindwa ni hivi. Nyasi zinachomwa, mashimo yanaonekana, mengine mnayaziba, moja mnalichimba. Tulikuwa na ndugu zangu watano waliokuja kunitembelea kutoka Ruangwa, wakasema wana hamu, nikasema nitawapeleka mahali penye nyasi nyingi. Nilipajua, si ndiyo kazi yangu? Tulikwenda kwa gari la kukodi kupitia njia ya juu. Kiberiti kilikuwa changu. Upepo ukaubeba moto kingo nzima mpaka madimbwi mawili ya chini yake, sisi tunashangilia panya.

"Ishirini na nane," nilisema. "Walikuwa wanono."

"Wanono, ndiyo," alisema mjomba. "Walikuwa wanakula nyasi za huyu."

Siku ile nililia, vijana, mbele ya mjomba wangu, nikiwa na buti za serikali miguuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nililaumu viboko kwa kula bustani za watu, na malisho yao nimeyachoma mimi kwa ajili ya kitoweo.

Mkutano wa kijiji ulikuwa siku ya nne baada ya hapo, na mkuu wangu alikuja mwenyewe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga hotuba. Ningesema ukame umezidi, viboko wamekimbilia maji, naomba kibali kisitoke. Yote kweli. Suala la panya lingebaki kati yangu na mjomba. Nilimwonjesha hotuba yangu, akasema tu, "Nzuri. Na mwakani atakayechoma utamwambia nini?"

Mficha uchi hazai. Nilisimama nikaeleza yote, hesabu, migongo, madimbwi makavu, jike na mtoto wake, halafu moto, halafu kiberiti. Nilipotaja panya ishirini na nane, mzee mmoja nyuma akauliza, "Na hata mmoja hukutuletea?" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Niliitwa Bwana Panya kwa miaka miwili. Mkuu wangu hakucheka. Alisema kibali kinasitishwa, na mimi nitaandika maelezo kwa mkono wangu, kurasa zote zinazohitajika.

Bi Somoe pia hakucheka. Alisimama. "Nimesikia viboko wana njaa. Mimi na wajukuu wangu je? Usiku wa leo wakija, niwasomee hotuba yako?"

Hapo mjomba, ambaye hazungumzi mikutanoni, akanyanyuka. Akasema kiboko ana nguvu lakini hajui kuruka, mguu wake haupandi juu ya goti la mtu. Fungeni magogo na mianzi ya kulala, kimo cha goti na kimo cha paja, mzunguko mzima, atasukuma kidogo atakwenda zake. "Na mpwa wangu atafunga ya Bi Somoe. Peke yake."

Nilikata mianzi siku tisa. Viganja vilitoka malengelenge, wajukuu wa Bi Somoe wakikaa kunihesabia magogo kama mimi nilivyohesabu vichwa. Uzio ulisimama. Viboko walikuja, wakausukuma, wakapiga kona. Siku ya kumi Bi Somoe akanifungia mzigo wa mabua, yale yaliyopondwa zamani. "Mpelekee yule mzazi," alisema. "Yameshakuwa yao haya." Mpaka leo nikimkumbuka mama yule nasema maneno ya shukrani, kwa dini yangu na kwa dini yake.

Tulibeba, mimi na mjomba na vijana wa kijiji. Tuliyatupa ukingoni kwa mbali na tukarudi nyuma. Jike alitoka jioni, alikula. Tulipeleka mara tatu. Mara ya tatu mtoto alikuwa amekufa. Maziwa hayakutosha. Mama alikuwa amesimama juu yake kwenye tope, anawafukuza tai, na aliendelea kusimama siku ya pili pia.

Mvua ziliponyesha mto ukaungana, Dimbwi la Mkuyu likabaki na viboko wanane. Mkuu akanipigia simu ya kituoni, "Kasimiri, ulituzuia kuvuna, na sasa wamekwisha?" Nikamwambia twende juu. Tulipanda mto siku mbili, na kila dimbwi lilikuwa na wenyewe, migongo imejaa, inang'aa. Katika la juu kabisa yule jike alikuwepo. Alitupigia mkoromo mmoja, tukaondoka kwa adabu.

Mwaka ule kijiji kiliafikiana jambo. Panya wataendelea kuwindwa, maana huwezi kumwambia Mmwera aache panya, lakini moto utawashwa Juni, nyasi zikiwa na unyevu, ili uungue kidogo kidogo na kuacha viraka. Wenye mikorosho walikuwa wa kwanza kukubali, moto wa Septemba ulishawaunguzia mashamba. Na kingo za mto, kutoka dimbwi la juu mpaka la Mkuyu, hazitachomwa na mtu yeyote, awe mwenyeji, mgeni au bwana nyama. Hilo la mwisho lilisemwa wakinitazama. Hatukuandika popote. Baada ya moto wa Juni huota majani mabichi, na palahala ambao tulikuwa tunawaona kwa bahati wakaanza kushuka wenyewe kuyala. Hakuna aliyewaita. Mnyama ukimwachia nyasi na maji, mengine anajua kuliko sisi.

Siku hizi mvua zimebadilika tabia. Tulizoea kuzingoja Novemba, sasa zinakuja zinapotaka, na zikija zinamwaga kwa hasira. Ndiyo maana Zuhura aliponionyesha wale arobaini na mmoja sikupiga makofi. Nilimwambia akuze picha, atazame nyonga. Alikuza. Akapitia mgongo mmoja baada ya mwingine, chai ikapoa.

"Taarifa nisiipeleke?"

"Ipeleke. Ila katembee kwanza."

Alikwenda. Siku mbili sikusikia kitu, nikawa nashindwa hata kumfukuza jogoo. Siku ya tatu simu ikaita, sauti inakuja na kupotea.

"Babu, yote makavu. Nimefuta neno wameongezeka. Sasa niko dimbwi la juu kabisa. Ni tope tu." Upepo ukavuma kwenye simu. "Yupo mmoja, babu. Ana mtoto."

Moyo wangu ukarudi miaka yote ile. Niliogopa kuuliza, lakini nikauliza. "Anakula nini?"

"Nyasi zipo, babu. Nyingi, mpaka kiunoni. Huku kingo hazijachomwa. Nimekutana na vijana wana majembe, wanatoka kuchimba panya, nikawauliza mbona hapa hamkuchoma. Wamesema hapa hapachomwi. Nikawauliza kwa nini, hawajui. Wamesema ndivyo walivyokuta."

Mjomba amelala kaburini miaka mingi. Bi Somoe naye.

"Sikusikii vizuri," nilimwambia Zuhura. "Hebu rudia hapo kwenye nyasi."

Nilikuwa nasikia vizuri sana. Akarudia, nikamwambia tena hasikiki, akarudia tena.